Magoti ya Mujane

Bukavu, tarehe 3 Januari 2024

Kwa yaya Fabien,

Heri ya mwaka mupya, kaka yangu mukubwa. Natumaini barua hii inakukuta muzima, wewe na Nathalie na watoto, na ile homa ya kitinda mimba wenu imeisha. Sisi huku Bagira tuko, Mungu anatulinda. Maman anakusalimia sana. Magoti yanamuuma tangu mvua ianze, zaidi asubuhi, lakini anakula vizuri. Naandika ku karatasi kama kawaida yangu, nitapiga picha page kwa page na kukutumia, maana mambo haya hayaenei mu message.

Muchezo wako ulichezwa siku ya Familia Takatifu, tarehe 31, baada ya misa ya pili. Salle ya parokia ilijaa mupaka watu wakakaa ku madirisha. Emérence ndiye aliyecheza mujane. Shemeji alipoingia kumudai ufunguo wa nyumba, wanawake walimuzomea. Halafu mujane akapiga magoti, akatoa ufunguo kwa mikono miwili, akasema yale maneno yako: "Nyumba ni ya ukoo, mimi nilikuwa mugeni." Salle nzima ilisimama. Tonton Philémon, ndugu wa Papa, alikuwa mustari wa kwanza. Alipaza sauti: "Huyo njo muke wa kweli!" Akapiga makofi mupaka kofia ikaanguka.

Nakunakilia kilicho mu kaye, daftari yangu ya kila siku: "31 Desemba. Nilipiga makofi pia. Nilipotoka nje nilisikia kinyaa, kama mutu aliyekula samaki za sambaza zilizolala."

Yaya, Papa ametuacha mwezi wa Agosti. Maman alikuwa ameketi pale na nguo yake nyeusi, na watu walikuwa wanageuka kumuangalia. Ku mulango maman mumoja alimwambia: "Umeona vile wengine banafanyaka? Bila makelele." Maman alicheka tu.

Mimi pia nina kosa langu. Ni mimi niliyechapa muchezo huo ku ordinateur ya secrétariat public, pale ninapofanya kazi ya kuchapa, kopi kumi na mbili. Pale ulipoandika "anapiga magoti," niliongeza "polepole." Niliona itapendeza. Lakini magoti yenyewe uliyatoa wapi? Nijibu.

Mudogo wako,
Mélanie


Lubumbashi, tarehe 20 Januari 2024

Kwa mudogo wangu Mélanie,

Salamu nyingi. Picha zimefika zote sita, na nimefurahi kuona mwandiko wako haujaharibika. Huku tuko wazima. Mutoto amepona. Ku shule wanafunzi wamerudi wote na kelele zao. Mwambie Maman apake ile mafuta niliyotuma, asiiweke akiba.

Unanikasirikia bure. Kwanza nilimuandika mujane anayefunga mulango. Comité ya parokia ikanirudishia: "Muke huyu ni mukali, hajengi." Nikaandika tena, mujane anaenda kwa juge. Wakasema hawataki tribunal mu salle ya parokia siku ya Familia Takatifu. Mara ya tatu nikaandika magoti, na wakanipigia simu kunipongeza kabla hata ya kumaliza kusoma. Ningefanya nini? Watu wanatoka mu nyumba zenye matatizo, wanataka saa mbili za amani, halafu warudi kupika. Ukiwaonyesha uso wao wenyewe, wanasema umewatukana.

Ni muchezo, mudogo. Tonton Philémon amepiga makofi, basi na apige. Makofi hayamutoi mutu mu nyumba yake.

Yaya wako,
Fabien


Bukavu, tarehe 19 Februari 2024

Kwa yaya Fabien,

Salamu. Sisi tuko wazima wa mwili. Natumaini na ninyi pia. Niruhusu nifupishe salamu, kwani nina mengi.

Juzi jumamosi, saa sita, tonton Philémon alifika na wazee wawili wa ukoo. Maman alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, vile unamujua. Walikula kwanza. Mzee mumoja alipanguza vidole ku kitambaa cha meza, kile Maman alishona mwenyewe maua. Nilikuwa naangalia mafuta yanaingia mu maua na sikuweza kuondoa macho.

"Shemeji," tonton akasema, mudomo umejaa, "siye hatukukuya na vita. Tunaomba tu kile kiko."

"Kile kiko njo nini?"

"Ufunguo. Baada ya Pasaka, tarehe 13 Aprili, siku ya kutoa matanga. Weye utaenda Mumosho, ku shamba ya mama yetu. Hewa ya kule iko muzuri kwa magoti."

Nikasema: "Na Fabien? Ni yeye mutoto wa kwanza. Mulimuuliza?"

Tonton alicheka. Akatoa simu, akaiegemeza ku sahani ya sombe. "Fabien alishajibu. Angalieni." Emérence akatokea, mudogo kama kidole, akipiga magoti mu salon yetu, chini ya picha ya Papa. Wazee wakavuta viti karibu. Mumoja akasema, "Rudisha hapo, hapo pa ufunguo." Wakaangalia mara tatu.

"Ni maneno ya mutoto wako mwenyewe," tonton akamwambia Maman. "Sikuongeza hata moja. Na huyu mwana-muke wako njo aliandika ku machine. Sasa unataka nani mwingine akushauri?"

Nilianza kukusanya sahani, yaya.

Sasa sikiliza ya jana. Nilirudi kutoka misa ya kwanza, nikamukuta Maman mu chumba chake, goti moja ku simenti, mukono ku kitanda, mwili wote unatetemeka. Nilifikiri anasali.

"Maman, unatafuta nini huko chini?"

"Naangalia kama itakubali. Nisikuye kuanguka mbele ya batu." Akapumua. "Emérence alienda polepole. Miye polepole siweze."

Nilimuinua. Nikamuuliza kwa nini anakubali, yeye aliyelipa nusu ya mabati mapya ya nyumba hii kwa kuuza mandazi. Akasema: "Ni zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Uliza yaya wako. Alikuwa pale."

Mu kaye nimeandika tarehe na saa, sikuandika kitu kingine.

Hasira yangu si kwa tonton peke yake. Ni kwa salle nzima, na kwa neno langu lile, na kwa wewe. Maman anajifunza muchezo wako, Fabien, na magoti yake mabovu, kama mutoto anayejifunza récitation. Uje tarehe 13. Si message, si simu. Uje usimame mu kiwanja mbele ya ukoo na kusema kwa mudomo wako kwamba ufunguo hautoki. Na unijibu, ulikuwa wapi, na zamu ni ya nini?

Mudogo wako,
Mélanie


Lubumbashi, tarehe 2 Machi 2024

Kwa mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa Maman. Sisi tuko wazima. Nimechukua siku kumi na mbili kukujibu na hata sasa Nathalie anauliza kwa nini taa ya salon inawaka.

Nyumba ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya Papa Jacques, kaka mukubwa wa Papa. Sisi tulikuwa tunapanga chumba kimoja Panzi, wewe ulikuwa hujazaliwa. Papa Jacques alipokufa, aliacha muke, tante Eulalie. Hawakuwa na mutoto. Siku ya kutoa matanga nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kiwanja, karibu na robinet ya maji, kasiksi, pombe ya ndizi, mu vibuyu, mbuzi wawili. Tante Eulalie alipiga magoti, akatoa ufunguo kwa mikono miwili. Maman ndiye aliyeupokea. Papa alikuwa amesimama nyuma ya tante. Watu wakaimba. Mimi nilikula nyama mupaka tumbo likauma. Juma lile tukahamia, na kwa mara ya kwanza nikapata chumba changu.

Yeye wakamupeleka Mumosho. Jina lake halikutajwa tena ku meza yetu. Wewe umeishi miaka yote mu nyumba ya mutu usiyemujua.

Uliniuliza magoti niliyatoa wapi. Sikuyabuni. Comité iliponiomba amani, nilitafuta mu kichwa picha ya amani mu familia, na ile ndiyo niliyoipata: muke mutulivu, mikono miwili, wimbo. Kwa miaka hii yote nimeitunza kama kitu kizuri. Siku niliposoma barua yako, ndipo nilijiuliza kwa mara ya kwanza yeye alilala wapi siku ile.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa kwa préfet wa shule. Tarehe 13 nitakuwa mu kiwanja, na nitaleta mwisho mupya wa muchezo.

Msomee Maman barua hii kama unaona inafaa.

Yaya wako,
Fabien


Bukavu, tarehe 16 Aprili 2024

Kwa yaya Fabien,

Salamu. Tuko wazima, hata magoti ya Maman. Natumaini kwako pia.

Hukufika. Ulituma audio saa tatu na dakika makumi ine, siku yenyewe, ya seconde makumi tatu na moja. Ulisema préfet amekataa. Nimeisikiliza mara moja. Kama uliandika mwisho mupya, umebaki nao huko.

Barua yako nilimusomea Maman siku ileile ilipofika. Alikunja nguo zote nilizopiga pasi. Halafu akasema: "Twende Mumosho."

Tulienda jumamosi moja kabla ya Pasaka. Tante Eulalie alikuwa ameketi ku mulango wa nyumba ya udongo, anamenya muhogo. Hakusimama. Alituangalia, kisha akaendelea kumenya.

"Kutoka Bagira mupaka hapa haifike hata nusu siku," alisema. "Mulipotea wapi miaka yote hii? Ao njia ilikuwa na matope?"

Maman alifungua pochi, akatoa ufunguo, akauweka ku jiwe karibu na maganda ya muhogo. Tante aliuangalia bila kuugusa.

"Ule njo uleule?"

"Njo uleule. Serrure ya mulango hatukubadilisha."

"Mulikuwa na roho nguvu," tante akasema. Halafu: "Chukua. Sichukue kitu hapa mu majani kama mwizi. Kama ni kunipa, nipe mbele ya bale bote."

Basi tarehe 13. Viti vya plastiki, kasiksi, mbuzi mumoja. Tonton Philémon na shati nyeupe, simu mukononi, tayari kufilimu. Alikuwa amewaalika mupaka watu wa troupe ya muchezo. Emérence alikuja pia, akajificha nyuma, hakutaka kunisalimia. Wazee wawili wale wa kitambaa cha meza walikuwa mustari wa mbele.

Tulimuvika Maman kitenge kipya, nguo nyeusi tukaikunja. Akasimama karibu na robinet, ufunguo mukononi.

"Shemeji, tunangojea," tonton akasema.

"Na miye nangojea."

"Unangojea nani? Fabien hakuye."

"Sikuita Fabien," Maman akasema. Kumbuka neno hilo, yaya.

Tante Eulalie akatoka jikoni. Alikuwa amejipaka mafuta uso, amefunga kitambaa cha kijani. Wazee walimutambua mara moja, nilijua kwa vile waliangalia chini. Maman akamupa ufunguo kwa mikono miwili, wote wawili wamesimama.

"Ni yako," akasema. "Nilikaa na nyumba yako muda murefu."

"Hapana! Hii haiko mu muchezo!" tonton akapiga kelele. Maman mumoja wa jirani, ku ukuta, akacheka kwa nguvu, na wengine wakafuata.

"Philémon," tante akamwambia, "weye siku ile ulikuwa unakula paja ya mbuzi. Mafuta ilikuwa ku kidevu yako mupaka hapa. Kula tena, iko tayari. Lakini ufunguo hauliwe."

Tonton akawageukia wazee. Walinong'onezana. Yule wa vidole akasimama, akapanguza mikono ku suruali, akasema: "Tuache. Kumutoa mujane mara mbili mu nyumba moja, hiyo ni haya."

Nimeandika maneno hayo mu kaye na kupiga mustari chini yake. Mara mbili ni haya. Mara moja ilikuwa sikukuu, na waliimba. Nilitamani kuwamwagia kasiksi. Sikuwamwagia, niliwaongezea, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na hilo pia linanichukiza.

Walikula mbuzi yote, wakaenda. Tonton anasema ataenda tribunal. Na aende, tante anamungojea.

Sasa tante analala mu chumba chako. Yeye na Maman wanagombana kuhusu chumvi tangu asubuhi. Jana aliniomba nimusomee muchezo wako. Nilianza, na nilipofika pa "anapiga magoti polepole," akainua mukono.

"Nani alisema polepole?"

"Ni miye, tante."

"Ondoa. Sikupiga magoti. Constantin, papa yenu, alikuwa nyuma yangu, aliniweka mukono ku bega, akasukuma mupaka chini. Fabien alikuwa mbele, ku nyama. Mutoto hawezi kuona mukono uko nyuma."

Nilichukua bic, nikafuta mustari wote. Sikuandika kitu mahali pake. Pale ni pako, kama siku moja utakuwa na ujasiri wa kuandika jina la Papa.

Maman alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka. Ni yeye aliyekuwa mbele ya tante siku ile, uso kwa uso, akipokea ufunguo.

"Haikuwa mukono moja ku bega," akasema. "Ilikuwa yote mbili."

Mudogo wako,
Mélanie