Mashine Zisizopata Moto

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi, nyingi kuliko zile nguo ulizoniachia nikufulie siku unaondoka. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujikaza kiume? Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe ni wa kujikongoja. Shemeji yako yuko na nyaya zake za umeme kama kawaida, na wapwa zako wanarefuka kila suruali inapofuliwa.

Barua hii nimekaa nayo siku nyingi. Kwenye simu siwezi kusema, maana Mama hukaa ubavuni kwangu akisubiri zamu yake.

Uliniuliza kwa nini Mama siku hizi anakula vyakula vibichi, ukacheka kwamba uzeeni anaiga mambo ya vijana. Nikacheka nawe. Sasa nikuambie ukweli. Mama anasahau, ndugu yangu. Si kusahau miwani, hilo tumelizoea. Alibandika sufuria akaenda zake sokoni, na jirani ndiye aliyeona moshi ukitoka dirishani. Tukasema ni bahati mbaya. Kisha nikamkuta ameketi jikoni anamenya karoti, gesi imefunguliwa, moto hakuwasha, na kibiriti kiko mapajani mwake. Nilifunga gesi, nikafungua madirisha yote.

Daktari alisema jiko litoke. Rahisi kwake kusema. Utamwambiaje Mama Upawa, aliyepikia shule nzima mpaka akastaafu, kwamba haaminiki tena na moto? Unakumbuka watoto walivyopanga foleni ya nyongeza, naye akijifanya mkali huku anawajazia sahani. Shemeji yako ndiye aliyeleta hila: tumwambie daktari ameagiza asile kilichopikwa. Nilimwambia hivyo nikimtazama sikio badala ya macho. Akajibu tu, "Haya. Basi tukanunue mashine za kufaa, maana siwezi kutafuna kabichi kama mbuzi."

Tukaenda dukani. Ungemwona! Alikagua blenda kama anayechagua mkwe. Akafungua vifuniko, akanusa mipira yake, akauliza kama lipo jagi la kioo, maana la plastiki hushika harufu. Mashine ya kukamua juisi aliikataa: "Matundu yote haya? Kuiosha ni kazi kuliko kuinywa juisi yenyewe." Ya kukatakata mboga aliichukua, ndogo, yenye kitako kizito, isiyotembea mezani. Nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha.

Ndipo muuzaji akaleta mashine ya kukaushia matunda, akaiwasha. Mama akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, akakiacha hapo. Akasema taratibu, "Hii inapata moto, mwanangu. Nipe zisizopata moto. Watoto wangu wanaogopa."

Kisha akanigeukia akaniuliza kama blenda nyekundu itaendana na mapazia. Nikasema itaendana. Mpaka leo hajasema zaidi ya hapo, nami sijasema. Anajua. Anajua yote, na ananisitiri mimi nisiaibike kwa uongo wangu. Hilo ndilo linaloniliza ninapoosha vyombo.

Jiko lilitolewa wiki ile ile. Mama aliliosha kwanza mwenyewe, hata miguu yake, akasema halitoki nyumbani kwake likiwa chafu.

Sasa shida ni wewe. Ulipomwambia kwenye simu kwamba unakuja likizo na una hamu na choroko zake, hapo hapo alichukua sinia akaanza kuchambua choroko. Akaziloweka. Jioni nikamkuta amesimama pale jiko lilipokuwa, bakuli mkononi, anatazama ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alimwaga yale maji, akazifunika kwa kitambaa, na baada ya siku chache zikachipua. Anazila hivyo hivyo, na limau.

Nakusihi, ukifika usiulize jiko liko wapi. Usimwambie twende kwa dada hapo jirani tukapike. Wala usimwonee huruma usoni. Uso wako haujawahi kuficha kitu tangu utotoni. Atakuwekea sahani ya choroko zilizochipua, na glasi ya kinywaji cha kijani ambayo, nisikudanganye, ina ladha ya majani ya uani. Maliza zote. Halafu nyoosha sahani umwombe nyongeza. Huenda siku moja akalisahau jina langu. Najiandaa kwa hilo na wala siwezi. Lakini mtu akimwomba nyongeza, anarudi kuwa Mama yetu mzima mzima, nimeona kwa macho yangu.

Nisalimie wifi yangu, na yule rafiki yako kinyozi anayekuharibu nywele. Shangazi anakusalimu na kukumbusha ile shali uliyomwahidi. Mungu akulinde, na akulete mapema, wakati Mama bado anakutambua kwa mlio wa hatua zako mlangoni.

Ameingia sasa hivi, ananiuliza naandikia nani. Nimemwambia ni wewe, nikamuuliza nikuambie nini kutoka kwake.

Anasema uje na njaa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika.