Jiwe la Kiapo Kwenye Ukumbi wa Watoto

Jumamosi, Agosti. Nyeri. Ukungu umeingia mpaka ndani ya nguo zilizo kabatini, na Mlima Kenya haujaonekana wiki nzima. Sijafungua saluni leo. Wateja wamenipigia, nikaiacha simu ilie mpaka ikanyamaza.

Nyinyi mnaonisoma hapa mmezoea habari za nywele na vituko vya watoto wangu. Leo sina kichekesho, mtanisamehe.

Juzi niliwapeleka watoto Nairobi kuona makumbusho. Nilikuwa nimewaahidi tangu shule zifungwe, Wangui mwenye miaka tisa na Kariuki mwenye mitano. Nikaona tumchukue na Cucu, mama wa mume wangu, maana tangu Aprili mama huyo amesahau kucheka. Amehamia kwetu, anakaa jikoni kutwa nzima na kumenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

Aprili ndipo Guka, mume wake, alipopotea. Alikuwa ameugua usahaulifu kwa miaka kadhaa. Alisahau majina yetu, akasahau choo kiko wapi, akasahau hata kwamba mama yake alishakufa zamani. Mchana mmoja wa mvua alipita geti la nyumbani kwao kule Tetu, na hakuna aliyemwona tena. Tulitafuta kwenye mashamba ya chai, tukatafuta mtoni, tukazunguka mochari hadi Karatina. Cucu alisema alikuwa amepeleka maziwa. Wangui wangu alikuwa huko kwa likizo, na yeye alisema alikuwa amelala.

Hatujazika mtu. Hatujui hata tuombe nini kanisani.

Basi, Nairobi. Tulianza na makumbusho ya treni, ambako watoto wanaruhusiwa kupanda mabehewa ya zamani. Cucu alipanda moja, akaketi dirishani na kiondo chake mapajani, akakataa kushuka. Nikamtania kwamba atafikishwa Mombasa bila tiketi. Kariuki akamweleza kwa upole kwamba treni hiyo imekufa. Cucu akasema anajua, yeye anapumzika tu.

Mchana tukaingia makumbusho makubwa. Ningekuwa naandika kama siku nyingine, ningewaambia mwende na watoto wenu, kuna tembo, kuna ndege wa kila rangi, vyoo ni safi. Kuna na ukumbi wa watoto ambako wanaruhusiwa kushika vitu. Wanasaga mahindi kwa jiwe, wanapiga ngoma, wanajifunga ngozi na kupigwa picha.

Kwenye kona ya ukumbi huo palikuwa na meza, na juu yake jiwe lenye mashimo, na vijiti vyembamba kando yake. Kijana anayeongoza wageni alikuwa mchangamfu sana. Aliwaambia watoto kwamba hiyo inaitwa githathi. Zamani huku kwetu, mtu akishukiwa jambo zito, alipitisha kijiti katika kila shimo huku akiapa: kama ninadanganya, kiapo hiki kiniue. Na aliyedanganya hakumaliza misimu mingi. Kijana akasema hili amelichonga mwenyewe, msiogope, nani anataka kujaribu?

Mimi ni mtu wa kanisa. Niliona mchezo tu, nikawa natafuta simu kwenye mkoba nipige picha.

Cucu alikuwa nyuma yangu. Akamuuliza yule kijana, "Hiyo kitu umetoboa mashimo yote?"

"Yote, Cucu," kijana akajibu kwa fahari. "Sikuacha hata moja."

Sikulielewa swali lile wakati huo. Nimelielewa leo asubuhi. Kwa Cucu, anayechonga jiwe la kuonyesha watu tu angeacha shimo moja bila kulitoboa, ili lisiwe jiwe la kiapo lenyewe. Mashimo yanatakiwa kuwa saba, namba ambayo wazee wetu hawaitamki, na Cucu hata akihesabu mayai hulitaja kila moja mpaka la sita, kisha husema "na lingine". Zamani kitu kile hakikuletwa karibu na nyumba, wala watoto hawakukisogelea. Na hapa kimewekwa mezani karibu na penseli za rangi.

Mtoto wa watu wengine akaapa kwamba hakula biskuti ya dada yake. Tukacheka wote. Halafu Wangui akasogea mbele. Hakusukumwa na mtu. Alipitisha vijiti polepole, shimo baada ya shimo, akasema kwa sauti ya kukariri shairi shuleni, "Mimi Wangui, kama nilimuona Guka akitoka kwa geti, hii kiapo iniue."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kijana akapiga makofi. Cucu akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mimi nikabaki na simu hewani, maana namjua mtoto wangu, najua anavyoinua kidevu akinidanganya kuhusu homuweki. Kati ya mambo yote ya dunia hii, kwa nini aapie hilo?

Njia nzima ya kurudi Cucu alimshika Wangui mkono.

Jana Wangui aliamka mwili ukiwa moto. Nikampeleka zahanati, daktari akasema ni homa ya baridi hii, watoto wengi wanayo, akatupa dawa. Nilimwamini na bado namwamini. Lakini Cucu alikataa chai, akakataa chakula, akakaa kando ya kitanda akimsugua mtoto nyayo. Kila nilipopita aliniuliza kama joto limeshuka. Nilimwambia asubiri, dawa si uchawi, na neno hilo likanichoma mwenyewe nikilisema.

Jioni, nikimnywesha uji, Wangui aliniambia. Alisema akiangalia ukuta.

"Mami, ni Cucu alifungua geti. Aliniambia niingie nilale, na nisiambie mtu."

Shangazi na baba wadogo wa Wangui hawakuacha kumhoji Cucu tangu Aprili, na mtoto aliona anavyolia baadaye jikoni. Basi akadhani kwamba akiapa kwenye jiwe mbele ya watu, wataamini kwamba Guka alitoka bila mtu kumwona, na Cucu ataachwa apumzike. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Aliniuliza kama jiwe la makumbusho linafanya kazi kweli. Nikamwambia hapana. Nilisema haraka mno, nadhani alisikia.

Leo asubuhi nilimkuta Cucu jikoni na viazi vyake. Nikafunga mlango, nikamuuliza. Hakukana. Alinieleza bila kuacha kumenya, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alimwosha Guka, akamfulia mashuka kila siku, akamfuata mbio barabarani gizani mara nisizojua. Alipigwa naye akiitwa mwizi ndani ya nyumba yake. Siku ile Guka aligonga geti tangu asubuhi akiomba afunguliwe aende kwa mama yake. Cucu akachoka, akamfungulia. Alidhani atafika pale kwenye kona na kurudi, kama kawaida. Yeye akachukua mtungi wa maziwa, akaenda njia ile nyingine.

"Mvua ikakuja kubwa," akasema, "na mimi sikurudi."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka pia kumshika, kwa sababu ile miaka yote sisi wengine tulikuwa tunampelekea sukari na unga na kurudi mjini tukijiona watoto wema. Sikufanya lolote. Nilimwambia tu kwamba lazima awaambie watoto wake, na kwamba Wangui ana homa tu, jiwe ni jiwe, limechongwa na kijana kwa mashine.

Akaweka kisu chini. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, nanyi mnajua. Si ukumbusho tu, ni yule bibi mwenyewe amerudi. Tangu Wangui azaliwe, Cucu humwita "mimi". Mtu akiwauliza nani alikula ndizi, husema "ni mimi", huku akimwonyesha mtoto.

"Aliapa na jina yangu," Cucu akaniambia. "Mimi ndio niliitwa hivyo kwanza. Inikujie mimi."

Kisha akaingia chumbani kwa mtoto. Alivuta godoro akalitandika sakafuni kando ya kitanda. Akachukua blanketi la Wangui akajifunika yeye, na lake akamfunika mtoto. Nilimwuliza atamwambia mume wangu lini. Akasema mtoto akishapona. Akageukia ukutani, na hajala kitu.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kinu cha mchele kule Mwea, anafika kesho. Atawaletea watoto biskuti, atauliza Nairobi ilikuwaje, kisha atauliza kama kuna aliyepiga simu kuhusu baba yake, maana huuliza kila wiki. Nimwambie mimi, au nimngoje Cucu? Na nikingoja, ninangojea nini hasa? Kariuki, aliyepewa jina la Guka, anagonga geti la ploti anataka kwenda kucheza nje. Nimelitia kufuli. Najua ni upuzi, na kufuli liko.

Ninaandika haya nikiwa nimesimama kwenye korido, simu mkononi. Mlango wa chumba umeegeshwa. Sasa hivi mmoja wao amekohoa, kikohozi kizito cha kifuani, kikiwa kimezibwa na blanketi, na sikuweza kujua ni Wangui yupi. Nimemwomba Mungu aliyekohoa awe ni Cucu.