Vidonge Katika Kopo la Chai

Mahongole,
Makambako,
Mkoa wa Njombe.

19 Juni, 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Damiano,

Shikamoo, na kwa salamu ya nyumbani, kamwene. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama Mkubwa mkiwa wazima katika joto la Guangzhou. Sisi tuko katikati ya baridi. Asubuhi majani ya viazi yanaamka meupe kwa barafu, na baba hatoki nje bila lile koti lako la kazi ya reli ulilomwachia ulipohamia huko.

Kuhusu afya yangu, ambayo kwa desturi ningeieleza kwa neno moja, naomba uniruhusu niiandike kwa urefu. Wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu asiyeweza kusema haelewi.

Ninaandika kwa sababu simu zimeshindikana. Tangu mwezi huu uanze nimekupigia mara nne. Tatu hazikupokelewa. Ya nne uliipokea, na nilipotaja tu jina la mama ukasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Kama unavyofahamu, tangu Januari kampuni imenituma nje mara nne kutafuta wanunuzi wa parachichi zetu. Nafasi hiyo niliipata kwa kushindana na wahitimu zaidi ya mia moja, na nilijivunia. Sikujua kuwa mwili nao ungenifanyia usaili wake. Mwenzangu akivuka tofauti ya saa tano anasinzia mkutanoni, watu wanacheka, anakunywa kahawa, yamekwisha. Mimi wenyeji wananiamsha saa mbili asubuhi ilhali kichwa changu kinajua ni saa tisa ya usiku wa Makambako. Ninatabasamu, ninaeleza bei na ubora wa matunda, huku nikihesabu nimelala saa ngapi. Nikikosa usingizi siku mbili mfululizo, naanguka. Kifafa hakijui kama umevaa suti.

Kilichonisimamisha miaka yote hii ni mama. Tangu nilipoanguka mara ya kwanza, nikiwa kidato cha pili, aliyafunga matibabu yangu kwenye kengele ya kanisa: kidonge kimoja inapolia saa kumi na mbili asubuhi, kingine inapolia saa kumi na mbili jioni. Nikiwa safarini, kengele ikilia ananipigia. Simu inaita mara mbili, kisha anakata. Hakukosa hata siku aliyomzika kaka yake.

Sasa naomba nikukumbushe ile Jumapili ya Januari nilipofikia nyumbani kwako. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo daktari alikwisha kunionya nalo: vidonge nilivificha kwenye begi kubwa, ili Manase, mfanyakazi mwenzangu aliyeketi karibu yangu, asivione. Begi likabaki njiani tulipobadilisha ndege. Saa tano asubuhi ya kwenu simu yangu iliita mara mbili ikanyamaza, nami nikakaa kwenye kiti chako nikiwa sina cha kumeza.

"Mbona sura imebadilika, mwanangu? Kuna msiba?"

"Hapana, Baba. Ni kengele."

Hukuuliza kengele gani. Uliuliza, "Unameza vingapi?"

Ukaenda jikoni, ukarudi na kopo la chai ya Lupembe, lile ambalo baba hukutumia kila mwaka. Ndani hapakuwa na chai. Palikuwa na boksi lenye maandishi ya Kichina, jina la dawa yangu kwa herufi ndogo, na jina lako wewe.

Ulikunja mkono wa shati ukanionyesha kovu ambalo sisi watoto tuliambiwa lilitokana na mitambo ya reli. Ukasema ni la mafiga ya bibi, ulipoangukia moto ukiwa na miaka saba. Ukasema hukupelekwa misheni kwa sababu ya akili ya darasani, kama tunavyosimuliwa, bali bibi alikupeleka kwa masista wakakupa dawa asubuhi na jioni, kengele ikilia. Baba alikuwa bado mgongoni, Shangazi Avelina hajazaliwa. Aliyejua ni bibi peke yake, naye amelala kaburini. Ukasema miaka kumi na tisa hujaja nyumbani si kwa wingi wa kazi, ni kwa kuogopa safari ile na usingizi unaopotea njiani. Kisha ukanivua saa ukanifundisha kuvaa mbili, moja ya Makambako na moja ya niliko, na kulala kabla ya mkutano hata kama wenyeji wamepika.

Siku ile nilikupenda kuliko mtu yeyote. Uliponiambia, "Wa nyumbani wasijue," nilikubali kabla hujamaliza sentensi.

Tarehe 31 Mei ilikuwa siku ya posa ya mdogo wangu Lightness. Nilikuwa nimetua Dar es Salaam Ijumaa mchana kutoka huko huko China, nikapanda basi, nikashuka Makambako alfajiri nikiwa na siku mbili bila kulala. Nilipaswa kwenda kitandani. Lakini mimi ndiye msomi wa nyumba, nikataka wageni waone kuwa nimefika. Nikachukua trei ya bilauri za ulanzi, nikaingia sebuleni, nikaanguka nayo.

Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya mama, na wageni walikuwa mlangoni wakivaa viatu. Mshenga wao alimwambia baba, "Tutarudi, mzee. Leo tuwaache mpumzike." Hadi leo hawajarudi.

Hawajafika hata getini, Shangazi Avelina akasimama katikati ya sebule.

"Kwetu sisi hajawahi kuanguka mtu! Ukoo wetu ni safi. Haya yametoka ziwani, huko Lupingu, yamekuja kwenye sanduku la bibi harusi."

Mama hakuinua sauti. "Wifi, mimi sikuja na sanduku. Nilikuja na kapu la dagaa, na wewe ndiye uliyelimaliza."

Kuna waliocheka. Baba akainama kuokota vipande vya bilauri. Mama akanilaza vizuri, akaenda kuosha vyombo, na tangu siku hiyo hajaketi tena na watu wa nyumba hii. Chakula anapika, anapakua, anakwenda kula jikoni. Kwenye jumuiya ya kanisa ameacha kwenda. Anafua mablanketi moja baada ya jingine, na amewatumia ndugu zake ujumbe wamwezekee chumba. Anasema sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo ikipita atapanda gari la Ludewa, ateremke ziwani, na hatarudi. Nilipomsihi alinijibu, "Mimi sikimbii, Conjesta. Miaka ishirini na nane wananiita chanzo cha kila baya. Nakwenda mahali ambapo mimi ni mtoto wa watu."

Nami nilikuwa sebuleni pale, Baba. Nilikuwa na jibu. Ulimi wangu ulikuwa mzito kwa kuanguka, ndiyo, lakini kesho yake haukuwa mzito, na keshokutwa pia. Nililiweka jibu lako mdomoni kama kidonge kisichomezeka, na mama akaendelea kuosha vyombo.

Sidai kwamba ugonjwa wangu umetoka kwako. Nimemuuliza daktari, akasema kwa mgonjwa kama mimi si rahisi kusema ulipoanzia, na kwamba anayenyoosha kidole Lupingu anabahatisha. Ninachodai ni kidogo. Shangazi amesema katika ukoo huu hajawahi kuanguka mtu, na yuko mtu mmoja hai anayeweza kumwambia si kweli.

Usidhani ninakutuma mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Jumatatu ya wiki iliyopita niliingia kwa meneja nikamweleza ugonjwa wangu kwa jina lake. Alinishukuru kwa uwazi, akanisifu sana, na kufikia Jumatano safari yangu ya mwezi huu ilikuwa imepewa Manase. Kikombe changu cha chai ofisini sasa kinakaa peke yake kwenye rafu ya chini. Ndiyo sababu barua hii inakufikia mkononi badala ya mimi: anayekuletea ndiye aliyekaa kwenye kiti changu. Mpokee vizuri, hana kosa.

Atatua Jumapili. Mama ataondoka wiki moja baadaye. Usianze na baba, wala na shangazi. Anza na yeye. Kengele ya jioni ikilia huku, kwako ni saa tano usiku, simu huwa mkononi mwake kwa sababu hata sasa ninapolala chumba cha pili ananipigia, inaita mara mbili, anakata. Mpigie dakika hiyo. Ukimwambia yeye tu, atakuwa na la kubaki nalo. Ukiwaambia wote, nitasema kweli nina baba mkubwa.

Lightness anakusalimu. Baba anakusalimu, anauliza kama chai ya mwaka jana ilikuwa nzuri. Shangazi Avelina naye anakusalimu, na bado anawaambia watoto wasome ili wawe kama wewe. Mama hakutuma salamu, lakini nilipomwambia ninakuandikia alisema, "Mwambie ale vizuri, kule wanakula kidogo."

Mungu akulinde usingizini na uamkapo.

Ni mimi mwanao, ambaye upendo wake kwako haujakwisha ila umechoka kunyamaza,

Conjesta Tarsis

Tanbihi: Katika kifurushi kuna kopo jipya la chai ya Lupembe. Chini ya chai utakuta lile boksi ulilonipa Januari, lenye vidonge vinne nilivyobakiza. Nimelirudisha kwa sababu limeandikwa jina lako, na mama anapofua hukagua kila mfuko. Sikutaka alikute kabla hujamwambia.