Taa za Breki Siku ya Kuhama

Shemeji yangu Mfaume,

Nakupa salamu ile tunayowapa watu wa makaburini, na ndani yake natia ile yetu ya kila alfajiri: umeamkaje, mvivu wa kushusha magunia? Mungu anisamehe utani huu, lakini nikikuandikia kwa adabu tupu hutanijua.

Tumehama. Naanza na hilo maana ndilo linalokuhusu. Kijiji kizima tumepandishwa juu, barabarani, upande wa Madimba, tukae pamoja, tulime pamoja, watoto wapate shule na maji ya bomba. Shule ipo. Bomba bado. Dada yangu Somoe na wanao wana chumba kizuri, ukuta nimeukandika mwenyewe. Ila wewe umebaki kule pwani, wewe na mama yetu na wote waliotutangulia, na jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa nikuhadithie lori letu lilivyofanya.

Siku moja kabla ya kuhama, Deogratias, yule dereva wa Serikali, mtu wa Bukoba, alinifuata nyuma na lori lake kutoka bandarini. Tuliposhuka akanivuta pembeni. "Bwana Issa," akasema, "ukikanyaga breki mimi huku nyuma naona vumbi tu. Na kesho nimebeba watu."

Unaijua barabara ile wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa nitangulie na mizigo, yeye afuate na kina mama na watoto, wako wakiwamo. Nikisimama ghafla naye asione nyekundu, basi. Hata maji niliyopewa sikuyanywa.

Wazee nao wakasikia. Ikaanza minong'ono: marehemu kazizima taa. Alikuwa utingo wa lori hili, kalala pale kando ya njia, hataki watu wake waondoke. Nisikufiche, shemeji, hata mimi wazo hilo lilinipitia. Maana tangu homa ikuchukue, hakuna aliyesimama nyuma ya lori alfajiri. Mimi nakanyaga breki, wewe unatazama taa, wala hukuwa mtu wa kupiga kelele. Unapiga kiganja tu kwenye bodi. Mara moja, inawaka taa moja. Mara mbili, zote. Kimya, nishuke na bisibisi.

Somoe ndiye aliyetunyamazisha. Alikuwa anafunga vyungu vyake, hakuinua hata kichwa. "Mfaume azime taa? Yule aliyekuwa akizifuta kwa kanga yangu mpya?"

Wazee wakacheka, na waliokuwa wakilia wakacheka. Nami nikaenda kazini.

Nilifuata mwendo wako, kuanza na kilicho karibu na mkono. Nikatoa balbu: nzima, uzi wake haujakatika. Fyuzi nzima. Nikajikunja chini ya usukani, kwenye ile swichi ndogo inayosukumwa na pedali, nikazichomoa waya zake mbili nikazifunga pamoja. Nikazunguka nyuma. Subhanallah. Zinawaka zote, na ndani hakuna mtu.

Basi ugonjwa ni swichi yenyewe. Nikaifungua, nikaisogeza kwenye mwanga. Chumvi! Imeota ukijani kama ukoga wa kisimani. Ni kule kwenye mashamba ya chumvi, tulivyokuwa tunapakia magunia kisha tunapanda na miguu imelowa. Wewe mlango wako ulikuwa umefungwa kwa waya, ukawa unapita upande wangu na kunikanyaga makusudi, huku maji yanadondoka palepale. Wazee hawakukosea sana, shemeji. Ulikuwa mle ndani. Ila hukuwa umetukataza kitu. Ulikuwa umefanya kazi, ukaacha alama yake.

Nikaikwangua kwa kisu, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikairudisha na waya zake mahali pake. Nikakaa. Nikasema Bismillahi, nikakanyaga. Sikuwa nimemwomba mtu asimame nyuma. Mguu ulikanyaga kwa mazoea, ukawa unakungoja.

Kiganja kwenye bodi. Mara mbili.

Mfaume, nilibaki vile vile na mguu chini, siwezi kuunyanyua. Nikataka kuita jina lako nikaogopa kuitikiwa, nikaogopa pia kutoitikiwa.

"Kaka, ondoa mguu basi, tuone kama zinazima."

Alikuwa Somoe. Nilishuka nikamkuta kiganja chake kimejaa vumbi la bodi. Miaka yote ile alikuwa akikusikia kutoka jikoni, akahesabu, na mimi sikujua.

Tangu hapo namwaza sana Mola. Unakanyaga huku mbele, habari inapita ndani ya waya, gizani, inakwenda nyuma usikoweza kuona. Na inafika. Mimi mtu wa darasa la nne, elimu ya mambo makubwa sina. Lakini Fatiha ninayokusomea kila baada ya sala, nilikuwa naisoma kama mtu anayeita ng'ambo ya mto bila kujua kama kuna mtu. Siku hizi naisoma nimetulia.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kungali na giza. Mbele ya makaburi nikapunguza mwendo, nikakanyaga breki, ingawa njiani hapakuwa na kitu. Nikatazama kioo. Vumbi lote nyuma yangu likawa jekundu, mpaka kwenye jiwe la kichwani kwako, na ndani ya wekundu ule lori la Deogratias likasimama pole pole, wanao wamekaa juu, salama.

Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, nitashuka nao tukupalilie kaburi. Lori likiwa zima tutakuja kwa lori, likifa tutakuja kwa miguu. Na kila nikipita hapo nitakanyaga. Ukiziona zote mbili usijisumbue kunyanyua kiganja. Pumzika tu katika rehema za Mola wako. Nitajua.

Shemeji yako,
Issa