Mkate Mweusi wa Mama Jael

Mama, leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na nyumba ya Majengo bado haijazoea.

Ulipika miaka mingi katika nyumba ya wageni kule Mji wa Kale. Mgeni mmoja Mjerumani ndiye aliyekufundisha mkate wa unga wa rai, nafaka ya kwao inayofanana na ngano, mkate ule mweusi mchachu, usiotiwa hamira ya dukani. Wenzako walionja kwa adabu tu. Wewe ulirudi nyumbani na chachu yake, uji wa unga unaoumua mkate, kwenye chupa ya jamu, ukaiweka jikoni, ikawa mmoja wetu.

Kila asubuhi uliipunguza, ukailisha unga na maji. Kilichopunguzwa ulikikoroga na yai, tukala chapati za maji. Siku za joto ilifura ikamwagika hadi sakafuni, nawe ukaigombeza. Ukienda mazishini Kaloleni ulipiga simu: "Baba Oliver, imekula?" Baba akajibu, "Na mimi je, huniulizi?" Aliiita kitinda mimba, na Cynthia mpaka leo analalamika kuwa alinyang'anywa cheo.

Tulipokuzika, kina mama wa kanisa walikuja kutusaidia kuosha vyombo vya matanga. Wakafunua chupa, wakanusa, wakasema uji wa marehemu umechacha. Wakaumwaga, chupa wakaisugua ikang'aa. Mama, hapo ndipo Baba alipolia. Kaburini alikuwa amejikaza. Hatukumlaumu mtu. Jirani yako Eddah, aliyeimwaga, alikuwa akikulilia huku anaosha.

Tukaanza upya: unga wa rai na maji, basi. Kwanza ilinuka soksi. Kisha ikatulia kimya, tukataka kuitupa. Baba akakataa. "Jael hakuwa na haraka na mtu," akasema, akaendelea kuilisha mwenyewe. Asubuhi moja akatuita kwa kelele: inatoa povu! Oliver anasema chachu hutoka kwenye unga wenyewe. Baba anasema imetoka jikoni kwako. Hatubishani naye.

Jumapili iliyopita tulioka mkate wa kwanza. Ulikuwa mgumu kidogo, umeinama upande mmoja. Baba akatafuna muda mrefu, sote tukimtazama.

"Huu si wa Jael," akasema. Kisha akasogeza sahani. "Nikatieni kipande chengine."

Tunakukumbuka sisi: mumeo Lennox Gunga, wanao Oliver na Cynthia, mkwe wako Sheryl, mjukuu wako Kaingu, na jirani yako Eddah. Maadamu tuko hai, Mama, hatutakusahau.