Yai Lenye Joto la Kuku

Mama yangu,

Kabla ya salamu nataka kutua mzigo ambao sijamwonyesha mtu: nimekukana mbele ya watu. Kaka Salehe, wewe unayesoma, msomee mama mkiwa wawili tu, wala usimpunguzie neno.

Sasa shikamoo, mama. Kifua kimepoa? Na mguu wa baba? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku bara bado hatujazoeana.

Tunapitia maswali ya mitihani iliyopita, hesabu asubuhi, sayansi mchana. Juzi likaja hili: yai huzama katika maji matamu, huelea katika maji ya chumvi; eleza, kisha kadiria chumvi iliyomo. Swali lilikuwa la Kiingereza, lakini mimi nilikuona wewe huko Mkange, umeinama juu ya mtungi wa maji ya chumvi kando ya jiko, unatumbukiza yai. Likizama, maji bado mepesi. Likitoa kichwa upana wa kidole gumba, chumvi imetosha, pika.

Nikanyoosha mkono, mimi nisiyenyoosha mkono hata nikiumwa! Mwalimu akafurahi. "Umejifunza wapi hayo?"

Darasa zima likanigeukia. Nikaona haya kusema kwa mama, mpika chumvi. "Kitabuni, mwalimu."

Tukajaribu. Maji mwalimu aliyachanganya mwenyewe, uzito wa chumvi anaujua yeye. Yai likatoa kichwa upana wa gumba, nikasema maji yameiva kwa jiko. "Chumvi haijafika hata nusu ya hiyo," akasema. "Kitabu chako kinadanganya." Wakacheka. Masanja, jirani yangu wa kitanda, akanibandika jina la Bwana Mayai. Mama, umeitwa mwongo, na mimi nimekaa kimya.

Lakini swali halikuniacha. Nilijua hudanganyi, basi nani kadanganya? Nikaenda kwa mpishi wa shule kuuliza lile yai alilompa mwalimu lilikuwa la lini.

"Weee, yale yamekuja na garimoshi. Umri wao mimi nitaujuaje? Niliwazaa mimi?"

Nikamwomba moja la hayo, na jingine kutoka chini ya kuku wake mwenyewe. Mwalimu alikuwa hajayamwaga yale maji. La garimoshi likaelea. La kuku likazama chubwi!

Hapo nikakumbuka unavyotufukuza: "Msiniletee yai la jana! Nataka lenye joto la kuku!" Nilidhani ni mwiko tu. Kumbe yai likikaa hukauka, huingia hewa, likawa jepesi. Je, mama, ulilijua hilo, au bibi alikurithisha bila kukueleza? Na la bata mliwahi kujaribu? Nijibu, nina hamu ya kujua kuliko hamu ya kufaulu.

Nimemtuma Masanja amwite mwalimu. Nina neno juu ya kile kitabu. Mayai mawili yako mezani kando ya bakuli la maji yale. Nisalimie baba, na shangazi anayekukatia kuni za jiko, na maalimu wangu wa chuo cha Kurani, mwambie juzuu sijaisahau.

Hatua zinakuja. Tangu nianze kuandika, kila aliyepita mlangoni nilifunika karatasi hii kwa daftari. Sasa daftari nimeliweka chini. Akiniuliza ni kitabu gani, neno la kwanza la barua hii ndilo jibu.

Mwanao,
Hamisi