Vumbi la Tabaka Kwenye Maganda ya Mokaya

Alhamisi. Mvua ya mawe tangu alfajiri.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba ganda la chaza likishakauka halishiki kitu tena. Hulikata popote, hulipangusa kwa shati, kisha huliuliza bahari ilikuwa na joto kiasi gani. Na ganda hujibu. Hujibu hata likiwa limechafuka.

Leo nina furaha ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuwa nayo. Mvua hii imepiga chai yote ya hapa Nyakoe, yangu ikiwemo, na bado natabasamu.

Acha nieleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikastaafu. Chaza hujenga ganda lake tabaka kwa tabaka, kwa madini anayoyachota majini. Sehemu kubwa ni kalsiamu, lakini magnesiamu kidogo huingia humo. Maji yakipata joto, magnesiamu huongezeka. Kwa hiyo ukilipima ganda la kale, unaweza kukadiria joto la bahari enzi chaza huyo alipokuwa hai.

Maganda yenyewe niliyaokota mimi, likizo baada ya likizo, kwenye miamba ya zamani kule Kilifi. Majirani walicheka: Mgusii anashuka milimani kuokota takataka za bahari! Mokaya, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anaitwa daktari, aliomba nusu yake. Nikampa. Mwaka huu ameandika ripoti, na jina langu halimo hata kwenye shukrani.

Hata kwenye shukrani.

Jumatatu alinipigia simu, kifua kimemjaa. "Mwalimu, bahari ya zamani ilikuwa inatokota! Ijumaa nawaeleza watu pale mjini."

Nikamuuliza maganda aliyakatia wapi, na kama aliyaosha kwa asidi baada ya kukata.

"Hayo ni mambo ya enzi za chaki," akasema, akacheka. "Pumzika, omogaka, mzee wangu. Kula ndizi."

Ndizi nilikula. Kisha jana nikaenda Tabaka, wanakochonga jiwe la sabuni, maana huku kwetu mwenye haraka ya msumeno wa mawe hukimbilia huko. Kerubo, mwenye karakana ya kuchonga viboko vya kuuzia watalii, alimkumbuka Mokaya mara moja.

"Yule wa suti? Alikuja na mfuko wa makonokono, akataka msumeno wetu. Mwalimu, alitoka hapa mweupe kama mandazi ambayo hayajakaangwa!"

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kuketi.

Jiwe la sabuni limejaa magnesiamu. Vumbi lake hujipenyeza katika kila kitundu cha ganda, na kupangusa hakulitoi. Joto analolitangaza Mokaya limetoka kwenye msumeno wa Kerubo. Nusu yangu ya maganda, niliyoikata kwa msumeno safi na kuiosha, ilishapimwa. Bahari ile ilikuwa na joto la kawaida tu, karibu na la leo.

Asubuhi hii amepiga tena. Nadhani amesikia kwamba nilifika Tabaka, ingawa hajajua kwa nini. Sauti imekuwa ndogo.

"Mwalimu, nimeonelea jina lako litangulie langu."

"Liache nje, mwanangu," nikamwambia. "Kazi ni yako peke yako."

Akanishukuru! Akadhani ni unyenyekevu.

Nimejiuliza kama nimwonye mara ya pili. Mwalimu aliye ndani yangu anasema ndiyo. Namba mbovu ni namba mbovu, na kuna mtu ataziamini. Ndiyo maana sitaziacha zitoke ukumbini zikiwa hai. Lakini zitakufa mbele ya watu, siyo kwenye simu. Nitakaa mstari wa mbele, nitainua mkono kwa adabu, na nitauliza aliyakatia wapi.

Na kusamehe? Kusamehe kuna siku yake. Nitasamehe Sabato, kanisani.

Wewe unayesoma haya na uko karibu na mjini Kisii, kama una nafasi kesho, mwandikie Daktari Mokaya leo akuwekee kiti.